Miaka minne nimerudia fiksidi huku riba ikishuka, mwenzangu alinunua hatifungani ya miaka 20: naweka hesabu zote mbili hapa

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Uzi huu nimeuandika kwa siku tatu, kati ya zamu na zamu, maana nilitaka hesabu zikae sawa kabla sijawaletea. Mimi ni muuguzi, nina miaka 54, niko Kilimanjaro. Mwaka 2021 tuliuza kiwanja cha marehemu mama, tukagawana watoto wote, fungu langu likawa shilingi milioni 20. Kwa mshahara wangu, hela ya namna hiyo sitaishika tena kwa mara moja mpaka nistaafu. Na mkupuo wa kustaafu mnajua ulivyokuwa: waliokuwa wakitegemea asilimia 50 walishushwa hadi 33 Julai 2022, ndipo kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mkupuo huo, kikapandishwa kufika 40 mwaka 2024. Kwa hiyo milioni 20 ya mama nimeihesabu tangu siku ya kwanza kuwa pensheni yangu ya pili. Sikutaka kuifanyia biashara. Nilitaka mahali pa kuiweka ikae, isiliwe.

Akaunti ya kawaida ya akiba niliikataa haraka. Riba yake ni karibu asilimia 3. Milioni 20 inazaa 600,000 kwa mwaka, Serikali inachukua kodi ya zuio asilimia 10, unabaki na 540,000. Mfumuko wa bei nao unazunguka hukohuko kwenye 3 na kitu. Maana yake mwisho wa mwaka hela imeongezeka kwenye daftari, lakini mfuko wa saruji unaoweza kununua ni uleule au umepungua.

Nikaenda kwenye fiksidi, amana ya muda maalumu ya miezi kumi na mbili. Mwaka wa kwanza nilipewa asilimia 9. Ikazaa 1,800,000, ikakatwa kodi 180,000, nikachukua 1,620,000. Nilifurahi sana, nikalipa ada ya mtoto na ikabaki. Mwaka wa pili nilipokwenda kurudia, kijana wa benki aligeuza kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe: asilimia 8. Nikamuuliza mbona imeshuka, akasema, "Mama, hela zimekuwa nyingi benki, hatuzitafuti kama zamani." Nikasaini, nikapata 1,440,000. Mwaka wa tatu asilimia 7, nikapata 1,260,000. Mwaka wa nne 7 tena, 1,260,000. Jumla ya miaka minne: 5,580,000.

Sasa upande wa pili. Dada mmoja tunayefanya naye kazi wodi ya wazazi alikuwa na milioni 20 yake mwaka uleule wa 2021, mafao ya marehemu mume wake. Yeye alinunua hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yaani karatasi ya kuikopesha Serikali, kwenye mnada wa Benki Kuu, yenye kuponi (riba ya mwaka, inayolipwa nusu kila miezi sita) ya asilimia 15.49. Alinipigia debe twende pamoja. Nilimwambia maneno haya, nayakumbuka: "Miaka ishirini! Mimi nitakuwa na sabini, nani atazila?" Akanijibu, "Dada, huko ndani haukai wewe, inakaa hela." Sikumwelewa. Niliona ufupi ndio usalama.

Mwezi wa sita mwaka huu tulikuwa zamu ya usiku. Saa tisa, wazazi wamelala, tumekaa kwenye meza ya dawa na chupa ya chai ya rangi katikati. Simu yake ikawa mezani, akanionyesha ujumbe wa benki alioutunza: imeingia 1,549,000. Akapandisha juu kwa kidole: 1,549,000. Akapandisha tena: 1,549,000. Kila miezi sita, namba ileile, haijapungua hata shilingi, na haikatwi kodi kwa kuwa riba ya hatifungani za Serikali za muda mrefu imesamehewa kodi ya zuio. Nikachukua karatasi ya nyuma ya chati nikapiga hesabu palepale. Kwa mwaka ni 3,098,000. Kwa miaka minne ni 12,392,000. Alinunua kwa bei iliyokaribia kabisa 100 kwa kila 100, kwa hiyo tulianza na mtaji sawa. Tofauti yetu ni 6,812,000, na milioni 20 yake bado ipo kama yangu ilivyo.

Niliumia, siwafichi. Lakini nilipotulia nikaona kosa langu halikuwa kuchagua riba ndogo. Asilimia 9 ya mwaka 2021 haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa kuifunga kwa mwaka mmoja hela ambayo sikuihitaji kwa miaka kumi. Kila mwaka nilirudi benki kama mtu anayeomba kazi upya, nikapewa bei ya siku hiyo. Mwenzangu alipatana bei mara moja tu.

Na aliipata wakati mzuri. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha kuponi: hatifungani mpya za miaka 20 zikatoka 15.49 hadi 12.10, na zile za miaka 25, ambazo zilianza tu mwaka 2021 kwa 15.95, zikashuka hadi 12.56. Waliochukua mapema hawakuguswa. Karatasi yako inalipa kilichoandikwa mpaka mwisho wake, hata riba ya nchi nzima ishuke namna gani.

Naandika leo kwa sababu naona mwelekeo uleule unarudi. Benki Kuu ilianza kutumia riba yake elekezi Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 Aprili mwaka huohuo, kisha Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Kushuka huko ni kudogo na si kwamba fiksidi inafuata namba kwa namba, lakini benki husikiliza. Fiksidi yangu inaiva mwezi ujao na nimeshadokezwa kwamba safari hii hata 7 siipati.

Ninachosema ni hiki: riba inaposhuka, swali la "nani anatoa asilimia nyingi" linakuja la pili. La kwanza ni "hela hii nitaihitaji lini". Ya karibu iweke karibu, uvumilie riba ndogo. Ya mbali usiifunge kwa miezi kumi na mbili kwa sababu ya woga wa neno "miaka ishirini". Woga huo umenigharimu milioni sita na laki nane.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo kabla mwezi ujao haujafika. Nataka kusahihishwa sasa, si baada ya miaka minne mingine.

Fundi Umeme

Dada, asante kwa uzi wenye namba. Mimi nina milioni moja na laki mbili tu, ni hela ya vibarua vya mwaka mzima. Hizi hatifungani si za watu wakubwa? Na mtu anaanzia wapi, unaenda getini Benki Kuu?

Mleta uzi

Fundi, kiwango cha chini ni shilingi milioni moja, na unaongeza kwa laki moja moja. Kwa hiyo unaingia.

Mnada hufanyika siku ya Jumatano. Benki Kuu hutoa tangazo mapema: ni ya miaka mingapi, kuponi asilimia ngapi. Huendi mwenyewe, unapitia benki yako au dalali wa soko la hisa mwenye kibali. Wanakufungulia akaunti ya dhamana, yaani ya kutunzia hatifungani zako, unapeleka kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki ambako kuponi zitaingia. Kwenye fomu utaona njia mbili. Ya kwanza unataja bei yako mwenyewe, ukikosea unakosa. Ya pili huitaji bei, unakubali wastani wa bei ya waliofaulu. Sisi wadogo tuchukue ya pili. Siku inayofuata mnada wanachukua hela, kwa hiyo iwe tayari kwenye akaunti.

Ila milioni moja na laki mbili kama ndiyo yote uliyonayo, mdogo wangu, usiipeleke huko. Ukianguka na ngazi kesho utatibiwa na nini? Kuna Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ulianza mwaka 2013. Unaanza na laki moja, unaongeza kuanzia elfu kumi hata kwa simu, na ukitaka hela yako unapata ndani ya siku chache za kazi bila kukatwa ada ya kutoka. Weka huko kwanza. Ukifika mahali ambapo milioni moja ikiondoka hutetemeki, hapo ndipo uingie hatifungani.

Mstaafu wa Reli

Binti yangu, umeandika vizuri na hesabu zako nimezirudia, ziko sawa. Lakini umeandika nusu ya habari. Nusu nyingine ninayo mimi.

Nilistaafu, nikasikia hadithi kama hii ya rafiki yako, nikaingia katikati ya 2022. Kuponi ilikuwa imeshashuka. Nikanunua ya miaka 20 ya asilimia 12.10, milioni 10, kwa bei iliyokaribia 100. Nikajiambia ni ya wajukuu. Mwaka 2024 mama watoto akaugua, nikahitaji hela nyingi ndani ya wiki mbili. Nikampigia dalali aiuze kwenye soko la upili, yaani kwa mwekezaji mwingine kabla muda wake haujaisha. Akaniambia, "Mzee, wanunuzi siku hizi wanataka kama 15, yako inatoa 12.10, tutapata 81." Sikumwelewa, akanirudia: kila shilingi 100 ya karatasi yangu inanunuliwa 81. Milioni 10 ikawa milioni 8 na laki moja.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimepokea kuponi milioni 2.42. Ukijumlisha na 8.1 unapata 10.52. Laki tano na ishirini kwa miaka miwili, asilimia mbili na nusu hivi kwa mwaka, na dalali hajachukua chake. Akaunti ya akiba uliyoikataa mwanzoni ingenishinda.

Sisemi hatifungani ni mbaya. Nasema hiyo kamba inavuta pande zote mbili. Riba ikishuka baada ya wewe kununua, karatasi yako inapanda thamani. Riba ikipanda, inashuka, na jinsi miaka iliyobaki ilivyo mingi ndivyo inavyoshuka zaidi. Ukiishika mpaka mwisho utalipwa 100 yako kamili. Lakini mwisho wenyewe ni miaka 20, na ugonjwa hausubiri.

Mama watoto alipona, namshukuru Mungu.

Mleta uzi

Shikamoo Mzee. Pole kwa yaliyowapata, na nashukuru sana umeyaleta.

Nimelisoma bandiko lako mara tatu. Ni kweli sikuandika habari ya kuuza katikati, kwa kuwa mwenzangu hajawahi kuuza. Jana nimekaa na mwanangu anayesoma uhasibu, tukafanya hesabu yake. Aliyenunua ya 15.49 mwaka 2021, soko lilipotaka 12.10 mwaka uliofuata, karatasi yake ilistahili karibu 125 kwa kila 100. Yako ya 12.10, soko likitaka 15, inakuja 82 hivi, karibu kabisa na uliyopewa. Kwa hiyo dalali wako hakukuibia, ni hesabu ndiyo ilivyo.

Umenibadilisha jambo moja. Nilitaka kuweka milioni 20 yote. Sasa naona lazima fungu fulani libaki mahali ambapo nikilihitaji silazimiki kuuza karatasi siku mbaya. Nimeona pia kwamba baadhi ya benki hukubali hatifungani iwe dhamana ya mkopo. Mtu mwenye shida ya muda mfupi anaweza kukopa juu yake badala ya kuiuza kwa 81. Mkopo una riba yake, sawa, lakini wa miezi mitatu au minne huenda ukawa nafuu kuliko kupoteza karibu milioni mbili.

Mwana Sheria wa Mtaani

Naongeza kitu kwa wanaobaki benki, maana wengi hawakijui. Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa kila benki. Zamani ilikuwa milioni 1.5, ikapandishwa mwaka 2023. Benki ikifilisika, hadi hapo unalipwa na Bodi. Kinachozidi unasubiri mufilisi auze mali, na anaweza kupata kidogo au asipate. Dada, fiksidi yako ya milioni 20 katika benki moja, milioni 12.5 yake ilikuwa nje ya bima hata baada ya kupandishwa, na kabla ya hapo ilikuwa milioni 18.5. Mwenye fungu kubwa agawe benki mbili tatu.

Mama Kikoba

Mnaongea kuponi na soko la upili, mimi nawaletea sanduku. Kikundi chetu tuko wanawake 28. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila Jumamosi tunanunua hisa, tunakopeshana, riba ya mikopo inarudi kwetu wenyewe, Desemba tunavunja mzunguko na kugawana. Mwaka jana nilitoa faida ambayo benki hainipi hata kwa ndoto.

Mleta uzi

Mama Kikoba, nami niko kwenye kikoba, na sitoki. Kimenisomeshea mtoto. Lakini mama yangu, faida ile inatoka mifukoni mwetu: ni riba tunayolipana sisi kwa sisi. Siku wakopaji wawili wakubwa wakikwama, mgawo wa Desemba unayumba. Sisi ilitutokea mwaka juzi, mwanachama aliuguliwa, akashindwa kurejesha, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuchukua makochi yake. Kikoba ni cha kuzungusha hela ya mwaka. Hela ya uzeeni siwezi kuilundika mle, na hata hisa tumewekeana kikomo, sidhani wenzangu wangekubali niingie na milioni 20.

Kikundi kikiwa hakijasajiliwa, sajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo, na kikisajiliwa kinaweza kufungua akaunti benki. Kiasi kikubwa kisilale kwenye sanduku.

Kiwanja Kwanza

Ardhi haishuki. Ukanunue kiwanja pembezoni mwa mji, miaka kumi ijayo utakuja kunishukuru.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hela tunayoizungumzia imetoka kwenye kiwanja, kwa hiyo sikubishii kwamba ardhi inalipa. Mama alikinunua miaka ya themanini kwa mshahara wa ualimu. Ila kukiuza kulituchukua karibu miaka miwili. Mnunuzi wa kwanza alitoa malipo ya awali akapotea. Wa pili akaja na mtu wa kupima, ikaonekana jirani ameingia hatua nne ndani ya mpaka wetu, tukaanza vikao vya baraza la kata. Ndugu wawili hawakusemezana mpaka Pasaka iliyofuata. Muda wote huo kiwanja hakikutoa hata shilingi ya chumvi, na huwezi kuuza pembe moja ya kiwanja ili ulipe ada. Kwa kijana mwenye miaka 30 na nguvu ya kufuatilia hati, naafiki. Kwangu mimi nahitaji kitu kinachoingiza kila nusu mwaka bila kunisimamisha mlangoni kwa mtu.

Mtu wa Pemba

Assalaam alaykum. Nimefuata mjadala kwa utulivu. Sisi wengine suala si riba ndogo au kubwa, ni riba yenyewe. Hatuigusi. Je, tubaki na kibubu chini ya kitanda?

Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mimi si Mwislamu, kwa hiyo nilimuuliza daktari mwenzetu hapa kazini ambaye anayafuata mambo haya. Anasema kuna Amana Bank, ilianza mwaka 2011 na inaendeshwa yote kwa misingi ya sharia. Akaunti zake za mudharaba zinagawana faida ya biashara, hazilipi riba iliyopangwa. Kuna sukuk pia, yaani hati za uwekezaji zinazofuata sharia: benki ya KCB Tanzania ilitoa ya kwake mwaka 2022. Anasema yeye ana hisa za soko la Dar es Salaam vilevile, ila anachagua kampuni, haziingii za benki za riba wala za pombe. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa linakatwa kodi asilimia 5.

Kwenye hisa nami naongeza langu: huko hakuna 100 yako unayorudishiwa. Vodacom iliuza hisa mwaka 2017 kwa shilingi 850, na baadaye sokoni bei ilishuka chini ya hapo. Aliyeingia na hela ya ada aliumia. Wengine waliochukua hisa za benki ya NMB kwa 600 mwaka 2008 na kuzikalia wanacheka mpaka leo. Uvumilivu unaotakiwa ni mwingine kabisa.

Jirani wa Nairobi

Habari zenu majirani. Huku kwetu mambo ni yaleyale, tena yalikuja kwa kasi zaidi. Mapema 2024 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa 13, ikaanza kushushwa Agosti mwaka huohuo na ikaendelea kushushwa mwaka 2025. Februari 2024 Serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa asilimia 18.46, haina kodi. Unanunua kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ya huku. Mimi nilikuwa na hela kwenye mfuko wa pamoja uliokuwa ukinipa vizuri wakati ule, nikasema mbona nihangaike, napata karibu sawa na naweza kutoa siku yoyote. Riba ilipoanza kushuka, mfuko ukashuka nayo mwezi baada ya mwezi. Ile ya 18.46 bado inalipa 18.46. Dada, ulichoandika nimekiishi.

Kijana wa Fursa

Kuna mfumo nimeingia mwezi uliopita, unaweka laki tano unapata asilimia 10 kila mwezi, unajitolea mwenyewe kwenye simu. Nimeshavuna mara moja. Anayetaka aniandikie pembeni.

Mstaafu wa Reli

Mjukuu wangu, usimpe mtu hapa namba yako, na kesho asubuhi utoe laki tano yako kama bado inatoka. Mwaka 2009 nilikuwa na umri wa kutosha kuona DECI, ule mchezo wa upatu. Watu walikuwa wakiita "kupanda mbegu", unapanda, unavuna. Waliovuna walikuwepo kweli, majirani zangu walinunua mabati. Serikali ilipofunga, waliopanda mwisho ndio waliokuwa wamelipa mabati yale. Jiulize kitu kimoja: huyo mtu anafanya biashara gani inayotoa asilimia 10 kwa mwezi, na kwa nini asikope benki kwa 15 kwa mwaka akabaki na faida yote yeye?

Kijana wa Fursa

Mzee, nimekusikia. Nimejaribu kutoa leo, wanasema nisubiri siku 14, "mfumo unaboreshwa".

Mstaafu wa Reli

Nenda polisi leo hii, usisubiri hizo siku 14. Chukua picha za skrini zote kabla hazijafutwa.

Fundi Umeme

Dada, mrejesho. Nimefungua Ukwasi, nimeanza na laki tatu. Swali dogo: nikifa je? Mke wangu hajui hata neno hatifungani.

Mleta uzi

Swali hili si dogo, Fundi. Hatifungani ni mali kama nyumba, inarithiwa. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama anaihamishia kwa warithi, au inauzwa wakagawana. Tatizo ni familia kutojua kwamba ipo. Haina hati ya ukutani, ni namba kwenye mfumo. Mimi nimenunua daftari la jalada gumu, nimeandika jina la benki ninayopitia, namba ya akaunti ya dhamana, tarehe za kuponi na akaunti zinakoingia. Daftari liko kwenye sanduku la vitenge, na binti yangu mkubwa nimemwonyesha kwa mkono. Mwonyeshe mkeo leo.

Mleta uzi

Wakuu, mrejesho. Fiksidi imeiva na nimeitoa yote.

Milioni 5 nimeweka Ukwasi. Hiyo ndiyo ya ugonjwa, msiba na paa likivuja. Bandiko la Mzee wa Reli ndilo lililonifanya niitenge.

Milioni 15 imeingia hatifungani, ila sikwenda mnadani. Dalali alinitafutia kwenye soko la upili karatasi ya mwaka uleule wa 2021, kuponi 15.49, imebakiza miaka 16 hivi. Nimepata ya thamani ya milioni 13, kwa bei ya 112. Yaani nimelipa milioni 14.56 kwa karatasi itakayonirudishia 13 siku ya mwisho. Kilichobaki kimekwenda kwenye riba iliyokwishalimbikizwa tangu kuponi iliyopita pamoja na kamisheni. Niseme wazi kwa atakayeniiga: hiyo milioni 1.56 ya juu nimeitoa na hairudi. Nimeikubali kwa sababu ya kinachoingia. Mwanangu ameipigia hesabu mara mbili, mpaka mwisho wa safari inanipa kama 13 na nusu kwa mwaka. Nami sitaiuza. Nikifa wataikuta kwenye daftari.

Kuponi ya kila miezi sita ni 1,006,850. Milioni 15 ileile ningeirudisha fiksidi kwa asilimia 7, baada ya kodi ingenipa 945,000 kwa mwaka mzima.

Nilimpelekea mwenzangu wa wodi ya wazazi habari hizi jana tukikabidhiana zamu. Akasema sasa tutakuwa tunapokea wiki moja, twende tukale samaki pamoja siku ikiingia. Nimemwambia tarehe naijua, nimeizungushia wino kwenye kalenda ya jikoni.